Kumi ya Kukopa

Binti yangu ni wa pili, ila jina lake Tatu,
Kalirithi la asili, la bibiye, mama yetu,
Toronto, baridi kali, mezani tuko watatu,
Na swali la utukutu, kutoka kwa Bi Fiona.

Arobaini na tatu, utoe kumi na nane,
Nikasema, "Ewe Tatu, njoo tusaidiane,
Hili si kitu, mwanetu, kalamu nipe, uone,
Tatu haitoi nane, kopa kumi kwa jirani."

Tatu akaguna, "Baba, hapa hakuna kukopa,
Ile kumi ya kuiba, siku gani ulilipa?
Kumi huvunjwa kwa huba, si kunyang'anya kwa pupa."
Kalamu ikaniepa, ikaviringika chini.

Akachora njia ndefu, chura juu akaweka,
Mwanzo kama ni dhaifu, mbili tu akaziruka,
Kisha kwa mruko mrefu, ishirini akavuka,
Tatu za mwisho kachoka, akajivuta kwa tumbo.

"Ni ishirini na tano, nimeshalipata jibu!"
Tatu kanyosha mkono, "Baba, jibu si jawabu,
Andika kwanza maneno, eleza yako sababu,
Moyo ulipata tabu? Chora uso wa hisia."

Mimi nilikosomea, kulikuwa na bakora,
Jawabu likipotea, kiganja kile hasara,
Hakuna aliyelea, hisia wala fikira,
Tulihisi mara mara, makalioni zaidi.

Kisha logi za kitabu, namba ndogo kama chawa,
Tulizisaka kwa tabu, tukaambiwa ni dawa,
Ya ugonjwa gani? Jibu, hadi leo sijapewa,
Leo kazini nagawa, vifurushi, bila logi.

Mama yangu pembezoni, anasukuma chapati,
Hakukaa darasani, hata siku ya bahati,
Miaka mingi sokoni, bila kalamu na hati,
Akasema, "Hivi, ati, mnauza kitu gani?

Arobaini na tatu, shilingi au ni nazi?
Waliotwaa ni watu, wateja ama ni wezi?
Hesabu bila ya kitu, ni porojo za wajuzi."
Kisha kama mchuuzi, chenji akaihesabu:

"Shika mbili: ishirini. Na ishirini nyingine:
Arobaini, jirani. Tatu hizi, tuachane."
Tatu karuka hewani, "Baba, chura! Umuone!"
Mama nusura anune: "Nani chura humu ndani?"

Tatu na Tatu, ni sita, wakacheka, nikabaki,
Mimi na deni, matata, jirani hanisadiki,
Kumi nilizozipata, kurudisha sikumbuki,
Na riba yake, sitaki, hata kidogo kujua.

Nikashuka kwa jirani, mzee wetu Makenzi,
Kafunzwa inchi, galoni, kwa chaki za zile enzi,
Mita zikaja nchini, akazikataa penzi,
Theluji, bila simanzi, hupimia goti lake.

Juma lile Bi Fiona, katuita mkutano,
Kwenye viti vya kubana, magoti yagusa meno,
Fundi bomba wa Guyana, akatetemeka mno,
Kila mtu na mfano, wa kwao, wa kukopea.

Bei ya donati zile, arobaini na tatu,
Tumechanga huku, kule, kumi na nane za watu,
Zabaki ngapi? Vidole! Tukafikia viatu,
Bi Fiona, mwenzi wetu, akachomoa simuye.

Ijumaa karatasi, imerudi, ina nyota,
Chura kapewa nafasi, ukutani anameta,
Chini, kwa wino mwepesi, mwalimu kanikamata:
"Baba bado anasota, lakini ana juhudi."

Kwenye friji nikabana, kando ya bili ya taa,
Nikachora, kwa Fiona, uso wenye kushangaa,
Mama kapita, kaona, miwani ameivaa,
Akaguna, akakaa: "Kumbe chura ndiye huyu!"